Kuponi Asizotumia Dada Jocelyne

Mshauri wangu mpendwa, nakusikiliza redioni kila wiki hapa mtaani kwetu Turffontein nikisuka wateja nywele, na leo naomba unisaidie mimi, maana nimeanza kumshuku mtu ambaye naona sina haki ya kumshuku. Ni dada Jocelyne wa kanisani kwetu, ndiye aliyetupokea mimi na mume wangu Cédric tulipofika kutoka Bukavu, tukalala kwake mpaka tukapata chumba, na sasa kwenye kikundi cha akina mama cha WhatsApp anatutumia kuponi za supamaketi, za mafuta, unga, sabuni, unamwonyesha keshia picha unapunguziwa bei, na ya kwanza ilikubali kweli nikafurahi, ila kila ukitaka kuponi anakuomba namba zinazoingia kwenye simu yako kwa ujumbe, nami nilimtumia bila kuuliza.

Ya pili keshia aliitazama sana, akamwita meneja, meneja akasema ni ya kughushi, mlinzi akanisimamisha kando, binti yangu Gaëlle akinishika sketi, wakadai karatasi zangu za ukimbizi, wakazigeuza-geuza kabla ya kuniachia niende mikono mitupu. Nilipomweleza dada Jocelyne hakushtuka. Alisema tu, "Usiwaambie wenzako, utawatia hofu bure," kisha akaniomba namba nyingine. Ndipo nikakumbuka kwamba tumekwenda dukani pamoja mara nyingi na sijamwona hata siku moja akitoa kuponi, yeye hulipa bei kamili. Jumamosi mama Thérèse wa kikundi chetu anakwenda dukani na kuponi yake, na karatasi zake zimeisha muda, wakimshika je? Cédric anasema ninyamaze, aliyetulaza hashtakiwi. Nifanye nini?

Mama Gaëlle

Mama Gaëlle, pole kwa aibu ile mbele ya mtoto. Sasa nikugombeze kidogo. Namba zile ni ufunguo wa akaunti yako ya benki, hata mama mzazi hapewi. Duka gani likupunguzie bei ya unga kwa sharti la kupewa kwanza ufunguo wa nyumba yako?

Wema wa Jocelyne endelea kuushukuru, lakini kukulaza wakati ule hakumpi ruhusa ya kukufumba mdomo leo. Huenda naye anadanganywa na mtu aliye nyuma yake. Sijui, nawe hujui. Ila anayekiamini chakula chake hula pamoja na wageni, na huyu anapakua tu.

Kesho asubuhi nenda benki, waikague akaunti yako na ubadilishe namba ya siri. Kisha mwendee Jocelyne ana kwa ana, Cédric akiwepo, umuulize anayempa kuponi ni nani na kwa nini yeye hazitumii. Akikasirika, hilo nalo ni jibu. Punguzo halali lipo, chukua kadi ya duka pale pale kwenye kaunta yao, haidai siri ya mtu. Na mwambie Cédric kwamba Thérèse akikamatwa, shukrani zenu hazitamtoa.

Thérèse lakini asingoje kesho. Kipindi bado kinaendelea, wewe zima redio umpigie.