Kasha Jipya la Gemu la Wazee wa Itigi

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Upepo. Vumbi mpaka ndani ya chai. Kaka Razaki kafika dukani saa nne na tai shingoni. Tai! Singida, mwezi wa nane, kuuza betri na sindano za cherehani! Tangu arudi kutoka Dar amekuwa mkurugenzi. Kibao kipya kinasema RAZAKI ELEKTRONIKS — MAFUNDI BINGWA. Mafundi hao wote ni mimi peke yangu. Yeye hajui tofauti ya fyuzi na filimbi.

Saa tano kaingia mzee mrefu, shati la kaki limenyooshwa pasi, gunia begani. Nikamwamkia. Anaitwa Mzee Fredrick, stesheni masta mstaafu, kwao Itigi. Kafungua gunia taratibu kama anayetoa kitoto cha mbuzi. Mashine ya gemu! Ya zamani, sijawahi kuona ya namna hiyo. Nyeusi, nzito, mbele ina plastiki iliyochorwa kama ubao, swichi sita za chuma zimepangana. Na juu yake shimo la mviringo — plastiki imeyeyuka na kubonyea mpaka ndani.

Birika, alisema. Mkewe alimshinda mara tano mfululizo, akasimama kushangilia, akatua birika la chai juu ya mashine. Mkewe naye anadai birika lilitakiwa liwe mezani, na meza Mzee ndiye aliyeihamisha. Kesi hiyo haijaisha tangu Pasaka.

Wanacheza wao wawili! Mzee wa miaka sitini na nane na mkewe, wanapigana vifaru vya kivita. Mtaalamu mmoja wa reli aliwaachia mwaka themanini na mbili, pamoja na TV ndogo. Huku bara hakukuwa na kituo cha TV hata kimoja, basi TV yao kazi yake ilikuwa vifaru tu, kwa jenereta ya stesheni, kila jioni. Sasa wanavuta waya kwa jirani mwenye baa.

"Nataka ganda jipya," alisema. "Utumbo uleule."

Kaka akamgonga begani — mzee wa watu! — akasema hakuna shida, hii ni soko huria, kila kitu kinapatikana. Arudi Alhamisi ya wiki ijayo.

Soko huria. Neno hilo kwake ni kama bismillahi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeifungua. Mende wawili wakavu, vumbi la miaka kumi na tano, na chini yake saketi safi kabisa! Moto wa birika uliishia kwenye plastiki. Nimepiga brashi, nimechomelea upya kwa risasi miguu ya swichi mbili iliyolegea, nikaiunga na TV ya dukani, nikachomeka kaseti ya mchezo aliyoiacha Mzee, nikaiwasha ikiwa uchi mezani. Vifaru viwili, kimoja chekundu, kimoja cha bluu. Inafanya kazi.

Baba angefurahi. Alinifundisha mimi kwa sababu Razaki hakuweza kukaa kwenye kiti dakika kumi. Bado hawezi.

Kaka kasema kava atalipata kwa mtu wake anayeleta mzigo kutoka Dubai. Kila kitu ana mtu wake. Mtu wake wa saruji, mtu wake wa leseni. Siku moja nimwone basi huyo mtu.

Alhamisi, 7 Agosti

Kava limekuja. Ya Rabbi!

Si kava. Ni gemu zima la kitoto, jekundu na fedha, jepesi kama boksi la viberiti. Juu limeandikwa lina michezo milioni tisa. Nimehesabu: mitano. Iliyobaki ni ileile, rangi tu zimebadilishwa. Kaka anataka nitoe utumbo wake niweke ule wa Mzee. Nikamwonyesha: saketi ya Mzee ina upana wa sinia, ya hili jekundu ni kisosi. Swichi sita zitatokea wapi? Puani?

"Kata kwa msumeno," alisema mkurugenzi. Kisha akaenda kunywa soda.

Nimechukua vipimo, nimekwenda kwa Alute seremala, kule nyuma ya soko. Alute anatengeneza vitanda na majeneza, hacheki na mtu. Akatazama karatasi yangu. Akauliza marehemu ni nani, mbona mfupi hivi.

Nikamweleza. Akafikiri. Akasema ana kipande cha mninga kilichobaki kwenye kitanda cha harusi, kimekauka miaka miwili, hakitapinda. Ila mashimo nitoboe mwenyewe, yeye hataki kulaumiwa kwa mambo ya umeme.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Hotuba, ngoma, ng'ombe waliooshwa. Razaki kavaa tai akaenda kuonekana.

Mimi nimeshinda kwa Alute. Yeye randa, mimi keekee na tupa. Matundu sita ya swichi, lazima yasimame mstari mmoja. Moja likihama hata unene wa ukucha, swichi inakwama. Mdomo wa kuchomekea kaseti juu. Matundu ya pembeni ipumue. Tundu la nne la swichi nililiharibu! Alute akachukua randa. Alichonga kipande kipya cha mbele, akanipa. Mikono yangu inanuka mninga na sijala tangu asubuhi.

Jumatatu, 11 Agosti

Limekwisha. Msasa mara tatu, vanishi mara mbili. Nimeingiza saketi, nimefunga skrubu nane, swichi zote zinapanda na kushuka bila kugusa mti. Sijisifu — basi, najisifu. Ni zuri. Ukiligonga linaitika.

Nilikuwa nalijaribu pale mbele, gari la mradi wa visima likasimama. Bwana mmoja Mzungu, alifuata betri. Akaona. Akaacha betri! Akapiga magoti sakafuni mbele ya gemu kama anayeswali. Kwa Kiswahili chake cha kuungaunga akasema alikuwa nayo utotoni, siku hizi kwao watu wanazitafuta, na kasha la mti hajawahi kuliona. Akauliza linauzwa?

Nikafungua mdomo. Razaki akawahi: "Karibu sana, bosi! Kila kitu hapa kinauzwa."

Nilidhani ni maneno tu, kama kawaida yake.

Jumanne, 12 Agosti

Si maneno. Wameshapatana. Bwana wa visima atatoa deki ya video na kanda zake, kaka atafungua banda la kuonyesha sinema. Keshokutwa saa kumi atakuja kubadilishana. Na Mzee Fredrick? Atapewa lile jekundu la Dubai! Ataambiwa utumbo wake ndio uliomo humo ndani.

Nikasema kaseti zake haziingii humo.

"Tutamwambia zimekwisha muda."

Kaseti zimekwisha muda. Kama maziwa! Nikamwambia mali ni ya mtu, kaiacha kwa amana, na baba hakuwahi kupoteza hata skrubu ya mteja. Akavua tai — kweli aliivua — akaniuliza duka limeandikwa jina la nani. Akaniuliza nilipoachika Shelui nilirudi na nini. Nilirudi na sanduku moja, anajua, ndiye aliyelipokea stendi. Akasema meza ile na chumba ninamolala ni hisani yake. Nikitia mdomo Alhamisi, nitafute mafundi bingwa wengine wa kukaa nao.



Akaniamuru nilifunge kasha kwenye gazeti, niliweke chini ya meza yangu. Nikalifunga. Hata kamba nilifunga vizuri, nikaweka na kitanzi.

Jumatano, 13 Agosti

Mteja mmoja tu. Redio, waya wa spika.

Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita nimejaza kurasa kumcheka Razaki. Tai yake, mtu wake wa Dubai. Lakini aliyefunga ile kamba ni nani? Yeye fundo hawezi.

Alhamisi, 14 Agosti

Naandika nikiwa huku nyuma, kwenye daftari la kazi. Umeme umekatika tangu saa saba na wote wako mbele wanausubiri. Niandike kabla haujarudi.

Mzee Fredrick kaja na mkewe. Mkewe, Mama Elina, ni mfupi, kavaa kitenge cha sikukuu, ana macho yasiyopitwa na kitu. Kanishika mkono kabla hata hajakaa, kanipa chupa ya asali ya nyuki wadogo, akasema hiyo ni ya fundi. Kaka akaipokea! Akaiweka upande wake wa kaunta.

Kisha akalitoa lile jekundu. Hotuba ndefu: teknolojia, michezo milioni tisa, mashine ile ile ila imevaa koti la kisasa. Mzee Fredrick alisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, kama anayesikiliza abiria asiye na tiketi. Akalinyanyua kwa vidole viwili.

"Imekonda," alisema.

Kaka akasema vitu vya siku hizi ni vyepesi.

Mama Elina akatoa kaseti yao nyingine kwenye mkoba, imefungwa kwenye kitambaa, akaijaribu kwenye mdomo wa lile jekundu. Haiingii. Akaigeuza. Haiingii. Kaka akasema, Mama, hizo zimekwisha muda. Mama Elina akamtazama mumewe. Mumewe akamtazama kaka.

"Nilisema utumbo uleule. Fungua niuone."

Na hapo ndipo ndugu yangu, mkurugenzi wa MAFUNDI BINGWA, akatamka mbele ya watu wazima wawili kwamba mashine hii haifunguki bila umeme.

Skrubu! Eti skrubu zinataka umeme!

Nilidhani Mzee atafoka. Akavuta benchi akaketi. "Sawa," alisema. "Nimesubiri treni miaka thelathini na moja. Umeme nao nitausubiri." Akavua kofia, akaiweka juu ya goti.

Wamekaa hivyo sasa yapata muda wa saa mbili na nusu. Kaka anajifanya anapanga betri. Anazipanga, anazipangua. Shati limemlowa mgongoni, na upepo wote huu. Kila gari likipita anaruka mlangoni, maana saa kumi haiko mbali.

Mama Elina alikuja huku nyuma kuomba maji. Nikampa. Akanywa polepole, macho yanazunguka: chuma cha kuchomea risasi, brashi, visahani vya skrubu. Akaniuliza, mwanangu, wewe ndiye uliyeifungua? Nikasema ndiyo, mama. Akauliza, iko hai?

Nikasema iko hai.

Hakuuliza iko wapi. Angeuliza ningesema nini? Alirudisha kikombe, akasema Mzee hasemi, lakini tangu Pasaka jioni wanakaa tu. Chakula, taarifa ya habari, kulala. Zamani walikuwa wanagombana mpaka jenereta inazimwa. Akacheka kidogo. Akarudi kukaa.

Alipoondoka nikaona gazeti lilivyochomoza chini ya meza. Amelipita na kitenge chake. Sijui kama ameliona.

Nimefungua kamba. Nimefungua tu, nisikie mikono yangu ikifanya kitu.

Nawaza chumba. Godoro, sanduku, dirisha la upande wa ziwa. Shangazi yuko Sepuka, anaweza kunipokea, ila Sepuka nitatengeneza nini, majembe? Alute alisema siku ile kibanda chake kina upande usiotumika. Alisema hivyo tu, akitazama randa. Huenda alikuwa anasema habari za kibanda.

Umeme! Umerudi! Soko zima linashangilia. Redio nne zimeanza kwa mpigo mmoja.

Mzee kasimama, nasikia benchi. Anasema haya, kijana, umeme huo.

Kaka ananiita. "Mwantum! Lete bisibisi!" Sauti imepanda kama ya kuku. Anadhani nitakuja nimsaidie kuwaonyesha saketi ya kisosi niape ndiyo yenyewe. Nje breki za gari. Lile la visima, nalijua mlio wake.

Bisibisi ninayo. Kasha nimelitoa kwenye gazeti, liko magotini pangu, adapta yake nimeitia mfukoni. Ni zito hili, itabidi nilibebe kwa mikono miwili — bisibisi nitaiuma kwa meno.

Anaita tena —