Chokaa Ndani ya Mashine ya Kahawa

Jumatatu, 3 Oktoba 1994

Mashine imekoroma tena leo. Niliiwasha nilipobandika uji wa Nanjala. Uji ukaiva, ukapoa, mtoto akanywa na kuvaa sare, na jagi la kioo bado lina kahawa ya kufunika kitako tu. Mvuke mwingi, kelele nyingi, matone machache. Wafula kasimama na kikombe mkononi, uso umemkunjamana. Halafu wimbo wake wa kila siku: "Maji ya nchi hii yanaua kila kitu, Mama Nanjala." Akaondoka bila kunywa.

Si nchi. Ni kisima cha hapa Komarock. Mfereji umekauka tangu Agosti, na maji ya kisima yana chumvi, yanaacha weupe hata kwenye sufuria ya chai. Lakini simwambii. Siku hizi nikitetea kitu chochote cha hapa anaona namfunga kamba asiondoke.

Niandike waziwazi, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Wale Wajerumani waliompa kozi ya mitambo wanamtaka arudi. Safari hii ni kazi, miaka mitatu, bila familia. Anasema anafikiria. Atawajibu mwisho wa mwezi. Nilikaa peke yangu miaka miwili akiwa huko. Sitaki tena. Naogopa.

Jumatano, 5 Oktoba

Leo nusu kikombe. Tena vuguvugu.

Malalamiko ya asubuhi: maji. Barabara ya Kangundo. Stima. Msimamizi wa kiwandani ambaye hajui hata kushika bisibisi. Yote yanaanzia kwenye ile mashine. Ikichelewa, anaanza. Kahawa ilipokuwa ikitoka vizuri, siku zile alipoileta kutoka Ujerumani, alikuwa akikaa na mtoto mapajani akimchorea magari kwenye karatasi. Nanjala alikuwa amemsahau kabisa baba yake ile miaka miwili. Alichukua miezi kumzoea. Sasa amemzoea.

Nimechungulia ndani ya tangi kwa tochi. Chini pamejaa ukoko mweupe, mgumu, kama chokaa ya ukutani. Pale maji yanapoingia kwenye bomba, tundu limebaki kama la sindano. Wafula anajua. Alisema ataisafisha mwenyewe, nisiiguse, ni kitu cha watu wanaoelewa. Wiki ya tatu hii. Hajaigusa.

Mtu anayetaka kukaa hutengeneza vitu vyake. Hilo ndilo linanisumbua.

Alhamisi, 6 Oktoba

Nimenunua maji ya mkokoteni. Muuzaji aliapa kwa mamake: "Hii ni ya mfereji, mathe, si ya bore. Onja uskie." Nimeonja. Nikajifanya naamini kwamba si ya kisima. Nimechemsha sufuria moja kujaribu. Weupe uleule.

Wafula anasema Jumamosi ataenda Huruma kwa kaka yake, atalala huko. Wana mazungumzo. Mazungumzo gani? Hakusema, nami sikuuliza. Mimi ni mwoga, hiyo ndiyo kweli.

Jumamosi, 8 Oktoba

Nimefanya ujinga.

Wafula aliondoka mapema. Nikaishusha mashine. Nikafikiria: nyumbani kwetu kitu kigumu kinalainishwa na nini? Na munyu. Mama huchoma maganda ya maharagwe, anachuja majivu, ananitumia yale maji kwenye chupa. Kunde ya kiangazi, ngumu kama ngozi, ukiitilia munyu inaachia. Mboga ya mrenda inateleza yenyewe. Nikasema kama unalainisha kunde zile, chokaa ni nini? Nikamimina karibu chupa nzima kwenye tangi, nikajaza maji, nikawasha.

Ilinguruma. Ikatoa maji ya rangi ya chai, yanateleza, yananuka mboga. Nikafurahi! Nikadhani uchafu unatoka. Nikarudia. Mara ya pili matone matatu. Mara ya tatu hakuna, mvuke tu juu, na harufu ya moto. Nikachomoa waya haraka. Nilipomulika, ukoko haujalainika hata kidogo. Umeongezeka. Kuna ukungu mweupe mpya juu ya ule wa zamani.

Nimesuuza, nimekwangua kwa kijiti, nimepuliza kwenye bomba mpaka kichwa kikazunguka. Wapi. Nanjala ameniuliza kwa nini nalia. Nimemwambia vitunguu. Hakuna kitunguu chochote nyumbani.

Jumapili, 9 Oktoba

Wafula amerudi baada ya ibada. Mpole kuliko kawaida, akaniuliza hata habari za kanisani. Akajiwekea kahawa. Nilikuwa nakunja nguo. Nilikunja fulana moja labda mara kumi.

Yalitoka matone kidogo, mazito, meusi. Akaonja. Akatema kwenye sinki. Akainusa ile mashine, akanitazama. Nilijua anajua. Amekula mboga zangu miaka yote, harufu ya munyu si ngeni kwake.

Hakugomba. Heri angegomba. Alisema neno moja tu: "Basi." Akaifuta vizuri, akaukunja waya, akairudisha kwenye boksi lake na kuiweka juu ya kabati. Jinsi alivyoifunga ilikuwa kama mtu anayefunga mizigo. Nimechukia ile mashine. Nimemchukia na yeye kidogo. Nimeichukia zaidi mikono yangu.

Jumanne, 11 Oktoba

Siku mbili bila kahawa. Anakunywa chai yangu kama dawa.

Leo kazini Majengo nimeshindwa kushona. Nimeshonea mfuko wa kaptura ndani nje, mara mbili. Mama Zahra, ambaye tunagawana naye baraza, yeye na leso zake na mimi na cherehani yangu, akaniambia funga kazi, sema. Nikasema. Si habari za Ujerumani, za mashine tu. Alicheka mpaka akashika nguzo. "Umetia munyu? Mwanamke wewe! Umeipikia mashine kunde!"

Halafu akanionyesha ndani ya birika lake la kahawa. Maji ya kwao ni yaleyale ya chumvi, na birika linang'aa. Ndimu, basi. Kila Alhamisi anakamua ndimu, anatia maji, anachemsha, analiacha likae likiwa moto, anamwaga, anasuuza. Uchachu wa ndimu ndio unaokula chokaa. Munyu unailisha. Akanikanya nichuje vizuri, mbegu ikiingia kwenye bomba nimekwisha. Na nisuuze mpaka ulimi usihisi kitu.

Akaniuliza kwa upole kama nyumbani ni salama. Nikasema ni salama. Sijui kwa nini nimemdanganya mtu aliyeniuliza vizuri hivyo.

Alhamisi, 13 Oktoba

Sikwenda kazini. Wafula alipotoka na mtoto, nikateremsha boksi.

Ndimu za soko zima, nadhani. Nimekamua mpaka vidole vinawasha, nimechuja kwa kitambaa cha amerikani, kilekile ninachomshonea Wafula machujio ya kahawa tangu yale ya karatasi yaishe. Nusu ndimu, nusu maji. Nikawasha na kusimama mbali, mkono karibu na swichi.

Kwanza kimya. Halafu ikaanza kuchemka ndani kama soda iliyotikiswa. Povu likapanda kwenye tangi. Nikazima, nikaiacha ikae na ile ndimu moto tumboni. Nimefagia nyumba nzima ili nisiitazame. Nikawasha tena. Ikakohoa. Ikakwama. Harufu ya moto tena, nikazima. Nikasali. Niliomba kabisa, kwa sauti, kwa ajili ya mashine ya kahawa. Mungu anisamehe, sikuwa naomba mashine.

Mara ya tatu ikatapika. Vipande vyeupe, vyembamba kama maganda ya yai, vikamwagika kwenye jagi pamoja na maji machafu. Nimepiga kelele peke yangu jikoni. Nikarudia na ndimu mpya mpaka vipande vikaisha. Kisha maji matupu, tena na tena, nikaonja kila jagi mpaka uchachu ukaisha. Maji ya kunywa ya siku mbili yote yameishia humo. Tutachemsha ya kisima.

Jagi la mwisho lilijaa kabla sijamaliza kuosha vikombe. Maji yanatiririka. Nimeirudisha mahali pake juu ya meza, na boksi nimelitupa nje. Asipate pa kuifungia.

Ijumaa, 14 Oktoba

Niliamka kabla yake. Nikaweka kahawa, nikawasha, nikasimama nyuma ya pazia la jikoni kama mwizi.

Aliisikia. Alikuja miguu mitupu, na sijamwona Wafula akitembea miguu mitupu kwenye simiti tangu arudi. Akalitazama jagi likijaa. Akanywa kikombe kimoja, kisha cha pili. "Umeifanya nini?" Nikasema nimeiosha. Akacheka, kicheko chake cha zamani, akatikisa kichwa. Akamwita Nanjala, akamchorea gari kabla ya shule.

Hakutaja nchi wala maji. Nimefurahi kupita kiasi. Nimekwenda kazini nikiimba, Mama Zahra akanitania kwamba nimeolewa upya.

Alhamisi, 20 Oktoba

Wiki nzima ni hivyo. Kahawa inatoka mapema, yeye anakaa. Amerekebisha bawaba ya mlango wa choo. Amebadilisha plagi ya pasi. Juzi alifika na samaki bila kuagizwa. Jana alipanda juu ya nyumba kuziba pale panapovuja, kabla ya mvua, na majirani wakasema una bahati, Mama Nanjala.

Mtu anayetaka kukaa hutengeneza vitu vyake. Niliandika mwenyewe. Basi kwa nini usingizi haunipati vizuri? Anatengeneza vingi mno. Anatengeneza hata visivyoharibika.

Jumamosi, 22 Oktoba

Nimemwuliza.

Alikuwa amemaliza kukaza miguu ya kitanda cha mtoto. Hakuna aliyelalamikia kile kitanda. Nikasimama mlangoni nikamwuliza kama anakwenda. Hakushtuka. Aliweka bisibisi chini taratibu. "Januari," akasema.

Nikamwuliza umewajibu lini, si ulisema mwisho wa mwezi. Akatazama sakafu. Aliwajibu Septemba. Septemba! Kabla ya munyu, kabla ya ndimu, kabla sijaimulika ile mashine kwa tochi. Kaka yake wa Huruma anajua, ndiye aliyeambiwa aje kutuangalia. Kazini wanajua. Mimi tu ndiye niliyekuwa nakamua ndimu.

Akasema kila asubuhi alitaka kuniambia. Alikuwa akitafuta pa kuanzia. Ndiyo maana ya maji, na barabara, na msimamizi. Alitaka mimi niseme, basi nenda. Nikamwambia yeye ni mwoga. Nikamwambia mengi mengine, na mengine sitayaandika. Nimemwita mpangaji. Alilia. Mimi sikulia, nilikuwa na hasira mno. Nilikwenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Jumapili, 23 Oktoba

Sikwenda kanisani. Sijamwombea mtu yeyote.

Nanjala ameambiwa. Ameuliza kama Januari ni mbali. Wafula akamwambia ni mbali kidogo. Mtoto akasema sawa, akaenda kucheza bladaa, kuruka kamba ya mpira, na wenzake. Wivu umenishika.

Jumatano, 26 Oktoba

Mvua imenyesha kuanzia alfajiri. Paa halijavuja.

Hatujagombana tena tangu Jumamosi. Leo hakuondoka mapema kwenda kazini. Aliniita jikoni baada ya mtoto kuondoka. Akasema mashine ataniachia. Huko ziko tele, za bei rahisi, hana haja ya kubeba. Alisema kwa wema. Aliona ananipa kitu.

Mimi sinywi kahawa. Tangu tuoane sijawahi kunywa. Nilitaka kumwambia, nikafuta meza badala yake.

Akaanza kunifundisha. Hapa unaweka chujio, Mama Nanjala. Hapa maji, yasipite mstari huu. Usiwashe bila maji. Na baada ya kila wiki chache, kwa sababu ya maji yetu, lazima uisafishe kwa kitu kichachu, atanitafutia dawa yake mjini. Alieleza polepole, akinyoosha kidole, kama mtu anayemwonyesha mgeni nyumba. Nilisimama karibu naye. Niliitikia kwa kichwa palipohitajika. Nilimwuliza hata swali moja, mstari upi, akanionyesha tena. Nimemwacha anifundishe mpaka mwisho.

Kisha akamimina vikombe viwili. Haijawahi kuwa viwili. Tumekaa mezani tukisikiliza mvua, yeye upande wake na mimi upande wangu. Ni chungu kweli. Nimekunywa yote.