Kabari Chini ya Gurudumu

Nyamagana, Mwanza
Jumatatu

Kaka Masalu, shikamoo.

"Ndege ni kama fundi: ukishamwita, muda wake umeanza." Maneno hayo aliyatamka Bwana Chenge, meneja wa ile kampuni ya ndege, mbele ya watu wa kisiwa chetu wiki iliyopita. Nimeyaweka juu kabisa, hata kabla ya kukujulia hali, ili ujue nimeamka na nini kifuani. Ni uongo uliovaa suti. Fundi akikaa barazani kwako anakunywa chai, humlipi kwa kunywa chai.

Sasa nikusalimie kama mama alivyotulea. Hujambo na huo mguu? Shemeji Selina hajambo? Mpunga umepata maji, au mvua za Kisesa bado zinawapita zikienda kwa wengine? Sisi huku wazima, ila hasira. Nimefika kwako mara mbili, na mara zote nimeambiwa na majirani zako kwamba uko shamba. Simu yako haipatikani. Ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi, maana barua huwezi kuiambia kwamba mwenyewe yuko shamba.

Habari ya kwanza ni njema. Rebeka, mtoto wa marehemu dada yetu, amejifungua mtoto wa kike. Habari ya pili ni mahali alipojifungulia: katikati ya ziwa, ndani ya mtumbwi wa injini, mawimbi yakiingia, mkunga amepiga magoti kwenye maji na mashua za dagaa zikiwamulika kwa taa. Tumbo lake lilikwisha pasuliwa mara mbili, na uchungu ulimkuta kabla ya siku zake. Ndege ya kumchukua ilikuwa Mwanza, nzima kabisa, imeegeshwa. Tulipopiga simu tukajibiwa kwamba saa zetu zimekwisha.

Zimekwishaje? Wewe unajua vizuri kuliko mimi tulivyoipata ndege ile. Kivuko kilipopandishwa chelezoni kutengenezwa, chama chetu cha wanakisiwa kilikodi ndege ndogo ya kuleta daktari na damu na kubeba wagonjwa. Mkataba ulitupa saa mia moja za kazi, zitutoshe hadi kivuko kirudi majini. Tuliandika kila safari, tangu ndege inyanyuke hadi itue, na kwa hesabu yetu theluthi nzima bado ipo. Kwa hesabu ya Chenge hakuna kitu. Kumbe yeye anahesabu tangu kabari zinapotolewa chini ya magurudumu hadi zinaporudishwa. Ndege ikitambaa uwanjani Mwanza, ni saa yetu. Ikisimama kungoja dege kubwa la kutoka Dar litue, ni saa yetu. Ikifika kisiwani, rubani akangoja ng'ombe wa mzee Shimba waondolewe njiani huku injini inanguruma, hao ng'ombe nao wamekula saa zetu.

Mama Urvi, yule Kusum mwenye duka la vitambaa, ambaye familia yake ilichangia chama kuliko ukoo wowote, alimuuliza Chenge kama basi la Nyegezi humtoza abiria kwa muda ambao kondakta anazozana na wapiga debe. Watu walicheka hadi benchi moja likaanguka. Chenge akasema mama huyo ajue vitenge, mambo ya anga awaachie wenye anga. Mama Urvi akamjibu kwamba kitambaa naye hukipima kwa mita, ila hajawahi kumuuzia mtu mita ya hewa.

Nimesoma, Kaka. Unanijua, sigombani na jambo kabla sijalisoma. Ni kweli makampuni mengi duniani hutoza kwa kabari, na marubani wao hulipwa hivyohivyo. Ni kweli pia kwamba mafundi wa ndege hiyohiyo huhesabu muda wa angani peke yake, tangu magurudumu yaiache ardhi hadi yaiguse, ndipo wakajua lini waikague, maana mbawa huchoka zikiwa angani. Sigombi na lolote kati ya hayo. Ninachogombea ni kwamba ndege moja ina umri wa aina mbili: kwa fundi ni kijana, kwetu sisi ni kizee. Chenge anajua kupambanua kuwa juu na kuwa chini, na amelijua hilo siku zote. Kwa nini hakutuambia sisi?

Nilipomuuliza hivyo alinijibu kwamba kila kitu kimeandikwa kwa Kiingereza na tulitia saini, na kwamba mtoto amezaliwa salama, kwa hiyo hasara iko wapi. Nilisimama. Nilimwambia kwamba bahati si huduma, na kwamba akina mama wanne wengine kisiwani wanahesabu wiki zao huku hakuna daktari wa kupasua wala damu ya kuongeza. Je, nao awaandikie bahati kwenye mkataba?

Hapo ndipo alipotoa lile lililoninyima usingizi. Alisema hakuna mtu aliyewahi kutuambia kwamba saa ni za angani, tumeota wenyewe.

Kaka, wewe ndiye uliyeutafsiri mkataba ule na kuusoma mbele ya mkutano. Ulisoma "tangu ndege inapoondoka hadi inapofika." Baadaye, tukila samaki kwako, uliniambia ukicheka kwamba neno la kile kidude cha kuzuia gurudumu lilikushinda, nyumbani tunaita jiwe tu, nawe uliona aibu kuandika jiwe kwenye mkataba wa ndege, ukaweka "inapoondoka" yakaisha. Sikulaumu. Lakini kwetu mgeni akisema naondoka, bado atasindikizwa hadi njia panda, atasimama, ataulizwa habari za mbuzi wake, na hapo hajaondoka. Ndiyo maana mzee Shimba aliuliza siku ile ndege inahesabiwa imeondoka lini. Nawe ulimjibu kwa mkono. Uliweka kiganja mezani, ukakitelezesha, kisha ukakiinua. Ukasema: hapa. Ukumbi mzima ulikiona kiganja kile. Chenge alikuwa ameketi ubavuni pako, na alitikisa kichwa kukubali.

Kila mtu anakikumbuka. Lakini Ijumaa tunakwenda mbele ya msuluhishi hapa Nyamagana, naye amesema wanakisiwa wote wana maslahi, kwa hiyo ushahidi wao hautoshi. Anataka kumsikia mtafsiri.

Sasa nikuambie nililolifanya, maana ni heri ulisikie kwangu. Nimekutaja. Chenge aliposema tumeota, nilipaza sauti nikasema ni kaka yangu Masalu aliyetuonyesha, na kwamba atakuja mwenyewe kusema. Sikukuomba ruhusa. Nimekufunga kabari mbele ya watu, ukitaka kukasirika kasirika. Wapo wanaonong'ona kwamba kampuni imekuahidi kazi ya kutafsiri mikataba yake yote, ndiyo maana uko shamba kila siku. Nimewaambia mchana kweupe kwamba wanamsingizia mtoto wa mama yangu. Usinifanye mwongo.

Shemeji Selina, najua wewe ndiye unayemsomea, macho yake yakiwa hivyo siku hizi. Usiiruke aya inayokuja.

Kaka, Ijumaa asubuhi uje Nyamagana. Usiniletee maelezo ya sarufi, wala usinitumie ujumbe kwa mtu. Ingia, keti karibu na Chenge kama siku ile, na msuluhishi akikuuliza ndege iliondoka lini, weka kiganja chako mezani, kitelezeshe, halafu kiinue huku ukimtazama Chenge machoni.

Rebeka anakuamkia. Mtoto ananyonya vizuri. Wavuvi waliomwona akizaliwa wanamwita Kabari, kwa utani, na naona jina linaanza kushika. Wasalimie wote hapo nyumbani, na majirani wanaokusaidia kuwa shamba.

Ni mimi mdogo wako,
Luhende