Hita Uliyoniwashia

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa muda mrefu bila kukuandikia. Tulikuzika kule nyumbani Maretadu ngano ya huku shambani ikiwa bado kijani, na sasa kombaini za kuvunia zimeshaoshwa na kuegeshwa. Kila nikishika kalamu nasema mtoto analia. Kweli analia, lakini mbona nguo nafua akilia vilevile. Ni aibu, Mama.

Bado tunakaa kwenye karavani, hii nyumba ya magurudumu waliyoiacha wataalamu wa shamba. Unaikumbuka hita yake. Ulipokuja kunitunza baada ya uzazi, Baba Emanueli alikufungulia kale kamlango ka nje akuonyeshe. Mchana inachemsha maji kwa gesi. Jioni jenereta ya kambi ikiwaka, unabonyeza swichi, koili ya umeme inasaidiana na gesi, maji yanawahi na mtungi hauishi upesi. Ukainama kutazama ule moto wa bluu, ukasema, "Moto gani huu hauna hata majivu? Nitajuaje kama umelala?" Mkweo akacheka mpaka akakaa chini.

Wewe ulitaka kunikanda kwa maji ya sufuria, uwashe kuni kwenye mawe matatu hapo nje. Nikakataa. Nilisema moshi utamwumiza mtoto. Uongo. Nilimwonea haya jirani, Mama Safari, mke wa msimamizi, asione mama yangu anapuliza kuni mbele ya karavani.

Ukajifunza kubonyeza swichi.

Jioni ile jenereta iliponguruma uliwahi kuwasha hita, ili nikiamka maji yawe tayari. Hukujua tangi ni tupu. Ni mimi mchana niliyefungua koki ya chini nikamwaga maji yote, kutoa magadi yaliyoganda ndani, halafu usingizi ukanichukua kabla sijajaza. Koili ikaungua kavu. Harufu ikaniamsha, nikatoka nikakufokea, Mama Safari akiwa hapo mlangoni: "Mama, usiguse vitu usivyovijua." Ukajibu tu, "Haya mwanangu, nimekosa." Kesho yake ukapanda lori la Dongobesh, ukisema mbuzi wako hawana mtu.

Nilikumbuka koki kabla lori halijaondoka. Nikakupungia mkono. Mpaka leo Baba Emanueli akioga maji ya baridi anatania, "Bibi alituunguzia hita," na mimi nakoroga uji.

Lakini kilichonimaliza ni pale msibani. Shangazi alinishika mikono mbele ya wanawake wote. "Wewe umemtunza mama yako. Alirudi akatuambia ameoga maji ya moto ya bomba kama mzungu, mwanawe anamfungulia mwenyewe." Mama, hukuyaoga maji yale hata siku moja. Nilikuambia gesi tunaibana, ni ya mtoto. Na wewe ukaenda kunisifu. Nikaipokea sifa, nikakaa nikala na chakula.

Koili mpya haijapatikana, na sasa mtungi nao umeisha. Jana niliwasha kuni palepale ulipopataka. Mama Safari akaja, nikajua amekuja kunicheka. Akasimama na ndoo yake. "Niwekee na mimi, shoga. Kwangu gesi iliisha zamani, najifungia ndani na jiko la mkaa nisionekane." Tulicheka, Mama, halafu nikalia, akadhani ni moshi.

Nakuahidi. Leo Baba Emanueli akirudi kutoka ghalani, kabla hajanawa mikono, nitamwambia maji ya tangi niliyamwaga mimi. Na Krismasi nitampeleka mjukuu wako Maretadu, nimwambie shangazi ukweli, mbele ya wanawake walewale. Watanisema. Acha waniseme.

Pumzika, Mama. Mtoto ameota jino.

Vitu ambavyo bado nahitaji uniletee ni hivi. Ile sufuria yako nyeusi iliyokatika mkono mmoja. Kile kipande cha kanga ulichokuja nacho cha kunikandia, ukarudi nacho kikiwa kikavu. Yale majani ya kuchemsha, maana sikukuuliza jina lake. Na mkono wako hapa kiunoni, mahali ambapo wangu haufiki.

Mwanao,
Mama Emanueli