Kiti cha Winifred Kwenye Basi la Kicukiro

Ihirwe, upo? Nimempiga mtu ngumi kituoni Muhima. Mimi.

Nilikuwa nampeleka jirani yangu Winifred kwenye usaili wa kazi Kicukiro. Likaja basi jipya, lile lenye ubao wa kupandishia kiti cha magurudumu. Nilifurahi kama mtoto. Yeye aliniomba kitu kimoja tu: "Usiachie kiti."

Tulikuwa katikati ya ubao, mimi nasukuma. Jamaa mmoja kwenye foleni akasema, "Huo mzigo usubiri, sisi tuna kazi." Mzigo, Ihirwe. Kisha akalipiga gurudumu teke.

Nikamgeukia, nikampiga mdomoni. Damu ikatoka. Nikampiga tena.

Kwa mikono yote miwili. Unanielewa? Yote miwili.

Kiti kikarudi nyuma, kikapinduka. Winifred akagonga uso kwenye ukingo wa barabara.

Nikapiga magoti. "Dada, nisamehe. Amekuita mzigo."

Akatema kipande cha jino. "Matusi nimeyazoea, mdogo wangu. Nilikuomba ushike kiti."

Basi limeshaondoka. Yule jamaa amepanda.