Baba Amekula Vikabichi

Kaka Isaya,

Hapa Bugwema mvua imenyesha na mama anakusalimia sana.

Tulikuficha jambo. Tangu Pasaka baba alikuwa anatoka damu chooni. Tulimpeleka Musoma tukiogopa kansa, na mimi nilikuwa nashindwa hata kula. Juzi majibu yametoka: ni bawasiri tu, imeletwa na choo kigumu.

Daktari akamwambia, "Mzee, kula mboga za majani kila siku."

Baba akajibu, "Majani nalishaga ng'ombe."

Jana mama akampikia vile vikabichi vidogo vya mbegu ulizotuma. Amemaliza sahani, akaomba aongezewe. Mama akampakulia tena kwa furaha, akakwangua sufuria yote.

Ukimpigia, usimuulize ugonjwa. Muulize vikabichi.

Mdogo wako,
Boke