Mgeni wa Pili Apitie Jikoni

Mama,

Shikamoo. Najua hakuna marahaba itakayorudi, lakini nikianza barua bila salamu utageuka humo ulimo, na kaburi lenyewe ndiyo kwanza limesakafiwa.

Tuko salama. Baba anajipikia ugali wenye mabonge na kuusifia mwenyewe. Mama mdogo wa Lundo ametuletea usipa, dagaa wa ziwani, akasema ni wa kukufariji wewe, maana baridi hii ya Maguu hukuipenda hata siku moja. Tumekula kwa niaba yako.

Ila nimekaa kuandika kwa sababu ya Kidato cha Sita. Uliwaacha katikati ya mada ya alkeni kwenye kemia, mtihani unakaribia, na mkuu wa shule alitaka kuazima mwalimu kutoka Songea. Nikamwomba nimalizie mimi. Nilipokubaliwa ndipo hofu ikanishika. Wale ni watoto wako, na mimi ni mwalimu wa mwaka wa kwanza mwenye sauti ya kifaranga.

Siku ya kwanza nilijaza ubao mishale: elektroni ziende huku, bromini ikae kule. Walinitazama kama ng'ombe anavyotazama lori. Mwishowe Osmunda, yule binti mrefu wa Litumbandyosi, akanionea huruma.

"Madam, kwa marehemu tulikuwa tunasimama."

Mama! Miaka yote mezani kwetu ulinichorea mishale. Haya mengine ulinificha kwa nini?

Wakanionyesha. Wawili wakapeana mikono yote miwili, kama tunavyomsalimu mkubwa. Hao ndio kaboni wenye kifungo maradufu. Darasa zima likaimba maneno yako: mkono wa kwanza ni undugu, wa pili ni adabu tu, mgeni akija unaachia. Florini hatumwiti, mgomvi. Iodini mvivu. Aje bromini! Akaja bromini wa kwanza, kijana mwenye mikono mirefu, akawakumbatia kaboni wote wawili kwa mbele, mlango ukazibika.

"Kwa hiyo mgeni wa pili apitie jikoni!" wakasema, wakageukia mlango wa nyuma.

Hakuingia mtu.

Hapo nikaelewa. Siku zote mgeni wa pili ulikuwa wewe. Osmunda akaanza kujifuta macho, na kaboni maskini wakabaki wameshikana, hawajui waachiane au vipi. Nami nililia kidogo, Mama, sitakudanganya. Kisha nikaweka chaki mezani, nikatoka, nikazunguka jengo, nikakanyaga tope hadi kwenye kifundo cha mguu, nikapiga hodi mlango wa nyuma.

"Karibu jikoni, Madam!"

Walipiga kelele hadi mlinzi akaja kuchungulia. Nikaingia na matope yangu, nikamshika kaboni mmoja kwa nyuma. Yule bromini wa mbele akabaki na kaboni wa pili, na kaboni wenyewe wakabaki wameshikana mkono mmoja, wanacheka. Sikuhitaji tena mshale hata mmoja. Nikachukua maji ya bromini nikayatia kwenye alkeni, nikatikisa. Rangi ya machungwa ikapotea mbele ya macho yetu, na hakuna aliyeuliza bromini kaenda wapi.

Pumzika, Mama, usiwawaze. Darasa lako nitalifikisha hadi mtihani wa mwisho, na Songea hatutaazima mtu.

Mwanao,
Editha